Mfumo wa zamani ndani ya kompyuta mpya: jinsi ya kufungua kazi za lugha zilizofungika

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu, mkaaji wa Manika hapa Kolwezi, alinikabidhi diski iliyotolewa kwenye kompyuta yake ya mezani. Kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa, lakini diski ilikuwa bado hai. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya Kisanga aliyoikusanya kwa miaka mingi akitembea vijijini: maelfu ya maneno, kila neno na toni yake, aina yake, maana yake kwa Kifaransa, na mara nyingi sentensi ya mfano aliyoisikia kwa mzee fulani. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufariki. Baadhi ya vijiji alivyopita havipo tena mahali pale. Machimbo yamefika na watu wamehama. Kazi ile haikuwahi kuchapwa kwenye karatasi. Mwalimu aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, nisaidie niyaone maneno yangu tena."

Nilidhani ni kazi ya nusu saa, lakini ilinichukua majuma matatu, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa sababu nilianza vibaya: nilitaka kuusakinisha mfumo endeshi wa zamani, Windows XP, moja kwa moja kwenye kompyuta yangu mpakato mpya. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo halikuwezekana, ni njia gani iliyofaa, na nini kinachobaki kufanywa na mwanaisimu baada ya fundi kumaliza. Nimeyaandika kwa sababu najua kwamba diski ya namna hii si moja tu katika Lualaba.

Faili linafunguka, maneno hayasomeki

Fundi wa karibu na soko aliiunganisha ile diski na kompyuta yangu kwa waya wa USB, akanakili folda nzima. Mwalimu alikuwa ametumia Shoebox, programu iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya watafiti wa lugha. Jina lake linakumbusha sanduku la viatu, ambamo wanaisimu wa zamani walipanga vikaratasi vyao vya maneno. Programu inayoitwa Toolbox ndiyo iliyoirithi.

Nilipojaribu kukiendesha kisakinishi cha Shoebox, Windows 11 ilikikataa. Programu nyingi za wakati wa Windows 95 na 98 zilikuja na visakinishi vya biti 16, hata pale ambapo programu yenyewe ilikuwa ya biti 32. Windows ya biti 64 haiendeshi kitu chochote cha biti 16, na Windows 11 ipo kwa biti 64 tu. Basi mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa.

Nikalifungua faili lenyewe kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, nalo likafunguka. Hiyo ni sifa kubwa ya Shoebox: data zake ni maandishi matupu. Kila mstari unaanza na alama ya mkwaju wa nyuma na herufi mbili. Mstari wa \lx una neno lenyewe, \ps una aina ya neno, \gn una maana, ambayo mwalimu aliiandika kwa Kifaransa, \xv una mfano, na \dt una tarehe. Kifaransa kilisomeka bila shida kubwa. Kisanga hakikusomeka. Palipotakiwa kuwa na ŋ palikuwa na N kubwa; palipotakiwa kuwa na ʃ palikuwa na S; na mahali pa alama za toni palijaa ishara za ajabu au visanduku vyenye alama ya kuuliza.

Kwa asiye mwanaisimu, hilo laweza kuonekana dogo. Lakini chukua mfano tunaoujua wote kutoka Lingala: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Ondoa alama, na herufi ɔ uifanye o, utabaki na neno moja lililobeba vitu vitatu. Kisanga nacho ni lugha ya toni. Kamusi ya lugha ya toni iliyopoteza toni zake ni kama ramani ya mji isiyo na majina ya njia. Na katika eneo letu, ambako Kisanga, Kiluba, Kiruund na Kichokwe vinakutana katika ua mmoja, hatuwezi kukisia toni ya lugha moja kwa kuangalia jirani yake. Kiruund, kwa mfano, kinajulikana kwa toni zilizogeuka: mahali ambapo Kibantu cha kale kilikuwa na toni ya juu, chenyewe kina ya chini. Anayekisia atakosea.

Tahadhari ya kwanza ninayompa msomaji ni hii: ukifungua faili kama hilo, usibofye "hifadhi". Kihariri cha kisasa kinapokutana na baiti kisichoweza kuzisoma, chaweza kuweka alama moja ya kuuliza mahali pa zote. Ukihifadhi, zile za asili zimekwenda. Fanya nakala mbili kwanza, moja iwekwe kabatini.

Kwa nini kompyuta mpya haiukubali mfumo wa zamani

Nilijiambia kwamba dawa ni kuirudisha Windows XP yenyewe. Mwalimu alikuwa na CD yake halali, pamoja na lebo yenye tarakimu na herufi 25 za leseni. XP ilitolewa mwaka 2001. Kompyuta yangu ina nguvu kuliko mashine zote za mwaka ule. Kwa nini isiwezekane?

Sababu si nguvu, ni mawasiliano. Mfumo endeshi hauzungumzi na vifaa vya kompyuta moja kwa moja. Unahitaji wakalimani wawili. Wa kwanza ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao wa kompyuta, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Zamani iliitwa BIOS. Siku hizi ni UEFI. XP inajua kuanzia kwenye BIOS. Kwa miaka kadhaa kompyuta mpya ziliendelea kuigiza BIOS kwa faida ya mifumo ya zamani, lakini mwaka 2017 Intel ilitangaza kwamba ingeacha kuubeba mzigo huo ifikapo 2020. Kompyuta nyingi mpakato za leo hazina tena chaguo hilo.

Wakalimani wa pili ni viendeshi, yaani programu zinazoufundisha mfumo jinsi ya kutumia kifaa fulani. XP haina kiendeshi cha diski za NVMe zinazotumika leo, kwa hiyo hata ikianza haioni pa kukaa, na huishia kwenye skrini ya bluu yenye msimbo 0x0000007B, ambao maana yake ni kwamba diski ya kuanzia haifikiki. XP ya biti 32, ambayo ndiyo wengi tuliitumia, haisomi pia mpangilio mpya wa diski unaoitwa GPT. Windows 7 ya mwaka 2009 iko karibu kidogo, ila nayo haikuzaliwa na viendeshi vya USB 3: unafika kwenye ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, kisha kibodi na kipanya vinanyamaza, au mashine inadai kiendeshi cha CD wakati huna CD.

Tena kuna usalama. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa mifumo ambayo haikuwa imesasishwa. Kuunganisha XP na intaneti leo ni kuacha nyumba wazi usiku.

Hayo yote niliyajua baadaye. Kabla ya kuyajua, niliingia kwenye mipangilio ya UEFI, nikazima Secure Boot, ile sehemu inayohakikisha kwamba mfumo unaoanza ni ule ulioidhinishwa, nikahifadhi na kuwasha upya. Skrini ikaniomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Diski yangu ilikuwa imefungwa kwa BitLocker tangu siku ya kwanza, bila mimi kujua, na sura mbili za mémoire yangu zilikuwa humo. Usiku ule sikulala. Asubuhi fundi aliniambia nirudishe Secure Boot kama ilivyokuwa. Nikarudisha, na mashine ikafunguka. Nilipoutafuta ufunguo nikagundua kwamba ulikuwa katika akaunti ya yule aliyeniuzia kompyuta, kwa kuwa yeye ndiye aliyeianzisha. Basi kabla ya kugusa UEFI, tafuta ufunguo wako wa BitLocker na uuandike kwenye daftari.

Mgeni ndani ya nyumba ya mwenyeji

Mafundi wa Kolwezi huwasikii wakisema "kusakinisha". Wao wanasema kuinstale na kuformate. Lakini neno la vitabuni lina jambo la kutufundisha. Linatokana na kitenzi sakini, kukaa mahali, ambacho ni ndugu wa neno maskani. Kusakinisha ni kukipa kitu maskani. Kosa langu lilikuwa kutaka kuipa XP maskani katika kompyuta yote, kama mwenye nyumba. Kumbe ilihitaji chumba kimoja tu.

Chumba hicho kinaitwa mashine pepe. Ni programu inayoigiza kompyuta nzima: BIOS yake, diski yake, kumbukumbu yake, kadi yake ya picha. Mfumo wa zamani ukiwekwa humo unaamini kwamba uko kwenye mashine ya zamani. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo ulio ndani huitwa mgeni. Nilitumia VirtualBox ya Oracle, ambayo msingi wake unapatikana bila malipo. Hatua zilikuwa hizi.

Kwanza, hakikisha kwamba kichakato chako kimeruhusiwa kuendesha mashine pepe. Intel wanaliita jambo hilo VT-x, AMD wanaliita AMD-V. Kwenye kompyuta nyingi tayari limewashwa. Likiwa limezimwa, huwashwa katika UEFI, na hapo tahadhari ya BitLocker inarudi.

Pili, unda mashine ya aina ya Windows XP ya biti 32. Usiipe anasa. XP ilidai MB 64 za kumbukumbu kama kiwango cha chini. MB 512 ni sherehe kwake. Diski pepe ya GB 10 inatosha.

Tatu, katika mipangilio ya diski chagua kidhibiti cha IDE badala ya SATA, na uache EFI bila alama. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu XP haina kiendeshi cha SATA cha mtindo wa AHCI, na ile skrini ya bluu itakufuata mpaka ndani ya mashine pepe.

Nne, kata mtandao wa mgeni kabla hujamwasha. Kazi ya maneno haihitaji intaneti.

Tano, geuza CD yako kuwa faili la ISO na uisakinishe kutoka hapo. Sisi hapa tunaujua umeme wetu. Jaza betri kwanza. Kazi yote haikunichukua saa moja. Swali la leseni nalo lisirukwe: tumia CD na namba ambayo mwenye kazi aliinunua. XP inakupa siku 30 kabla ya kudai idhini, na kwa kazi kama yangu siku hizo zilitosha.

Sita, mara mgeni anapokuwa tayari, piga picha ya hali yake. VirtualBox inaweza kuitunza hali ya mashine pepe kama ilivyo dakika hiyo. Ukiharibu kitu, unairudia. Kisha sakinisha ile programu ndogo ya ziada ya VirtualBox iitwayo Guest Additions, ili mwenyeji na mgeni washirikiane folda moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliweka folda ya mwalimu ndani ya XP, nikafungua Shoebox, na Kisanga kikaonekana kama alivyokiandika, toni juu ya irabu na ŋ mahali pake.

Herufi si umbo lake

Mtu angeweza kuishia hapo na kuendelea kufanya kazi ndani ya XP. Lakini hilo ni kuahirisha tatizo tu. Tunachotaka ni maneno yatoke, yaweze kusomwa kwenye simu ya mwanafunzi yeyote. Kwa hilo ni lazima kuelewa kilichotokea.

Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, inahifadhi namba. Fonti ndiyo inayoamua namba fulani ionyeshwe kwa umbo gani. Zamani baiti moja ilitoa nafasi 256 tu, na ŋ haikuwa na nafasi yake. Watengenezaji wa fonti za fonetiki walifanya ujanja: walichukua nafasi ya N na kuchora ŋ ndani yake. Mwandishi alibofya N, akaona ŋ, akafurahi. Ila kwenye diski iliandikwa N. Ukiondoa fonti ile, unaondoa makubaliano, na N inarudi kuwa N. Sisi tunaosoma fonolojia tusishangae: alama na kinachoashiriwa vimefungwa na mapatano tu, na wenye mapatano wakiondoka, alama inabaki bubu.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, iliondoa ujanja huo kwa kuipa kila herufi namba yake: ŋ ni U+014B, ɔ ni U+0254, alama ya toni ya juu ni U+0301.

Mtu atauliza: kwa nini usinakili ile fonti ya zamani tu na kuiweka kwenye Windows mpya? Mara nyingine inasaidia. Lakini mwalimu alitumia fonti mbili, moja kwa mistari ya fonetiki na nyingine kwa mengineyo, na maelezo ya fonti ipi ni ya mstari upi yalikuwa katika mafaili ya mipangilio ya Shoebox, yale ya .lng na .typ. Programu ya zamani ikiwa hai, huna haja ya kukisia. Ndiyo maana nasema unakili folda nzima, wala si faili la maneno peke yake.

Niliifungua fonti ndani ya XP, nikaandika jedwali: namba ya zamani upande mmoja, namba ya Unicode upande wa pili. SIL wana zana ya kugeuza iitwayo TECkit, inayopokea jedwali kama hilo. Mitego ilikuwa mitatu.

Mtego wa kwanza ni kugeuza faili zima kwa mkupuo. Ukisema kila N iwe ŋ, basi Noël ya Kifaransa katika mstari wa \gn inakuwa ŋoël. Geuza mistari ya Kisanga tu, kwa kufuata alama za mwanzo wa mstari.

Mtego wa pili ni toni. Katika Unicode, á inaweza kuandikwa kwa namba moja au kwa mbili, a na kisha alama. Herufi ɔ́ haina njia ya namba moja. Ni lazima mbili. Usipochagua njia moja kwa kazi nzima, utatafuta neno ambalo unaliona kwa macho, na kompyuta itakujibu kwamba halipo.

Mtego wa tatu ni tarehe. Shoebox inaweza kubadilisha yenyewe mstari wa \dt kila unapogusa neno. Kama ningesahihisha maneno ndani ya programu, tarehe zote zingekuwa za mwaka jana. Niligeuza nje ya programu, na tarehe za mwalimu zikabaki. Wakati huo sikujua zina faida gani.

Pale ambapo mashine haina jibu

Nilichapa kurasa za kwanza na kumpelekea mwalimu Manika. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti. Katika ukurasa wa pili alisimama. Neno moja lilikuwa na irabu isiyo na alama, naye alilitamka kwa toni ya juu. Nilidhani nimekosea jedwali. Tukarudi kwenye XP, na hata huko neno lilikuwa vilevile, halina alama.

Akafikiri, kisha akaniuliza tarehe ya neno lile. Nilipomsomea mstari wa \dt, alicheka. Miaka ya mwanzo, alisema, aliandika alama ya toni ya juu tu. Irabu tupu ilikuwa na maana ya toni ya chini. Baadaye alibadilisha desturi, akaandika zote mbili, ya juu na ya chini. Tangu hapo irabu tupu ilikuwa na maana kwamba hakuwa na hakika na alitaka kurudi kijijini kuuliza tena. Irabu tupu mbili zinafanana kabisa, namba yake ni moja, fonti yake ni moja, na maana zake ni mbili. Hakuna jedwali la Unicode linaloweza kuzitenganisha. Zinatenganishwa na tarehe na mtu aliyekuwepo.

Tangu siku ile tunakutana kila Jumamosi. Maneno ya desturi ya kwanza nimeyawekea alama ya toni ya chini kwa idhini yake. Maneno ya desturi ya pili, yale ya "sina hakika", tumeyatenga katika orodha yao wenyewe. Baadhi ameyakumbuka. Mengine anasema aliyesema neno lile hayupo tena, tuyaache na irabu tupu, ila tuandike sababu.

Kwa kitivo chetu napendekeza mambo manne mepesi. Tuwaulize walimu wetu wastaafu kama wana diski au disketi nyumbani, kabla mvua na joto havijaziharibu. Tutenge kompyuta moja yenye mashine pepe za XP na za Windows 98, isiyounganishwa na mtandao. Kila mémoire yenye data za lugha iambatane na faili la maandishi matupu katika Unicode na ukurasa mmoja unaoeleza desturi za uandishi, pamoja na siku zilipobadilika. Na tuchape nakala ya karatasi. Historia ya Elisabethville aliyoiandika André Yav kwa Kiswahili mwaka 1965 ilipigwa kwa taipureta; mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha upya, na hakuhitaji mfumo wowote wa zamani ili kuisoma. Alihitaji macho, na watu wa kuuliza.

Sisi bado tunaye wa kumuuliza. Jumamosi iliyopita tulifika herufi M.